Ndimu za Agosti kwa Futari ya Februari: Kuhifadhi Mavuno ya Uani Mkomani

Katika mitaa ya Mkomani, upande wa bara kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, nyua nyingi za zamani bado zina mdimu, mchungwa au mlimau uliopandwa karibu na kisima au nyuma ya jiko, na miti hiyo, hata pale ambapo mwenye nyumba hajihesabu kuwa mkulima, huzaa kwa mkupuo. Mvua za masika zinapopungua na upepo wa kusi kushika, machungwa hukomaa katikati ya mwaka, na ndimu zilizotoa maua wakati wa masika hufuata baada ya miezi minne au mitano, yaani kuanzia Agosti hadi Oktoba. Katika majuma hayo ndimu huanguka chini bila kuokotwa, jirani hushukuru kwa kapu la kwanza na kuomba radhi kwa la pili, na bei katika soko la Kongowea, lililo karibu kabisa na mtaa huu, hushuka kiasi kwamba malipo ya kubebesha gunia hayarudi. Miezi michache baadaye, kaskazi inapovuma na ardhi kukauka, mti huo huo hubaki na matunda ya kuhesabika, na kaya iliyoacha ndimu zake zioze huzinunua moja moja kwa bei ya juu. Kwa kuwa katika miaka hii mwezi wa Ramadhani unaanza Februari, mahitaji ya ndimu kwa sharubati, supu na samaki hupanda wakati ule ule ambao mti umepumzika. Kwa hiyo mwenye mti anapaswa kuyatazama mavuno ya Agosti kuwa ni akiba ya Februari, na kazi ya kuiweka akiba hiyo huanza mtini, kabla ya kisu na chumvi kuguswa.

Wingi wa matunda haya pwani una historia ndefu. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja aliyepita Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba wenyeji wa kisiwa walitegemea nafaka iliyoletwa kutoka bara, lakini miti ya migomba na milimau walikuwa nayo wenyewe. Nahodha Mreno Vasco da Gama alipotia nanga mbele ya mji Aprili 1498, mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi, na Wareno hao walipofika Malindi Januari 1499 wakitoka Bara Hindi, mabaharia wengi wakiwa hoi kwa kiseyeye, yaani ugonjwa wa kuvimba na kutoka damu ufizi unaoletwa na ukosefu wa vitamini C, kitu cha kwanza kilichotafutwa pwani kwa ajili ya wagonjwa kilikuwa machungwa. Tunda ambalo watu walilitamani hivyo baharini halistahili kusagwa na miguu uani.

Hatua inayoharibu mavuno mengi kuliko nyingine zote ni ya kuchuma. Desturi ya kutikisa matawi au kupiga matunda kwa mti mrefu huleta ndimu nyingi kwa dakika chache, lakini kila tunda linaloanguka juu ya mawe hupata jeraha lisiloonekana, na ukungu wa kijani, ambao mbegu zake zimo hewani wakati wote, hauwezi kupenya ganda zima bali huingia kwa urahisi palipochubuka. Tunda linapaswa kukatwa kwa mkasi, likiachiwa kikonyo kifupi kinachoziba mahali liliposhikamana na tawi, kisha liwekwe taratibu ndani ya kapu lililotandikwa kitambaa. Kuchuma asubuhi na mapema, umande ukiwa bado juu ya majani, au mara baada ya mvua, hakufai, kwa sababu wakati huo ganda limejaa maji na vifuko vidogo vya mafuta vilivyomo hupasuka kwa kubanwa na vidole tu. Mafuta hayo huunguza ganda na kuacha mabaka ya kahawia ambayo baadaye huwa mwanzo wa kuoza. Ni heri kusubiri hadi jua lipande na matunda yakauke.

Swali la kama tunda limekomaa huwapotosha wengi, hasa kwa machungwa, kwa kuwa rangi ya manjano katika jamii hii ya matunda huletwa na usiku wa baridi, na Mombasa haina usiku wa namna hiyo. Chungwa la pwani linaweza kuwa limeiva kabisa, tamu na lenye maji tele, likiwa bado la kijani. Alama za kuaminika ni uzito wake mkononi, ganda lililonyooka na kung'aa, na maji yatokayo lipasuliwapo. Ni muhimu pia kufahamu kwamba matunda haya hayaivi yakishakatwa, tofauti na ndizi au maembe, kwa hiyo chungwa lililochumwa changa na kufichwa ndani ya pipa la majani litabadilika rangi pengine, lakini utamu halitaongeza hata kidogo. Machungwa yaliyoiva huweza kuachwa mtini kwa majuma kadhaa, na mti wenyewe ni ghala nzuri kuliko sakafu ya stoo, ilhali ndimu hazina subira hiyo: zikishageuka manjano huanguka zenyewe.

Baada ya kuchuma, matunda yagawanywe kwa hali yake siku hiyo hiyo. Yale mazima, makavu na yasiyo na kovu ndiyo ya kuwekwa yakiwa mabichi. Yakitandazwa kwa tabaka moja mahali penye kivuli na hewa hukaa juma moja au mawili, na ndimu zikifungwa kwa karatasi na kuwekwa droo ya chini ya friji huweza kufika mwezi mmoja na zaidi. Sehemu ya juu ya friji, ambako baridi hushuka chini ya nyuzi 7 za selisiasi, huzitia ndimu madoa yaliyobonyea na kuzigeuza kahawia, jambo ambalo watu hulidhania kuwa ni ugonjwa wa mti. Yaliyochubuka kidogo yaende kwenye kukamuliwa siku hiyo, na ndimu zilizogeuka manjano, zenye ganda jembamba na laini, zitengwe kwa ajili ya achari.

Achari, yaani tunda lililovundikwa kwa chumvi na kukolezwa viungo, ndiyo njia inayostahili kupewa sehemu kubwa ya mavuno, kwa kuwa haihitaji umeme, haidai sukari, na ladha yake inafahamika kwa kila anayekula wali au pilau katika mji huu. Nguvu yake hutoka katika mambo mawili yanayosaidiana. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya tunda na kuvinyima vijidudu, nayo asidi ya sitriki, ambayo ndiyo ukali wa ndimu na hufikia takriban asilimia 6 ya maji yake, hufanya mazingira yawe makali mno kwa bakteria wa hatari kumea. Wataalamu wa vyakula hupima ukali huo kwa kipimo kinachoitwa pH, ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo ukali unavyopanda. Bakteria anayetoa sumu ya botulini, inayoweza kuua mtu kwa chakula kilichofungiwa vibaya, hawezi kukua chini ya pH 4.6, na maji ya ndimu yapo karibu na 2.

Kwa kila kilo moja ya ndimu hutosha gramu 200 za chumvi. Ndimu huoshwa, kisha hufutwa moja moja na kuachwa juani hadi pasibaki tone la maji, kwa kuwa maji ya bomba au ya kisima yanayosalia juu ya ganda hupunguza ukali mahali pale na kukaribisha ukungu. Kila ndimu hupasuliwa vipande vinne visivyoachana, vikiwa vimeshikana upande wa kikonyo, chumvi hujazwa katikati, na ndimu hushindiliwa ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana hadi maji yake yaanze kupanda. Katika siku tatu au nne za mwanzo maji hayo huongezeka yenyewe; yasipozifunika ndimu zote, hukamuliwa ndimu nyingine na maji yake kumiminwa juu, kwa sababu kipande kinachochungulia hewani ndicho kitakachoota ukungu na kuiharibu chupa nzima. Chupa hufungwa na kuanikwa juani kila siku juu ya dari au ukuta wa baraza, ikitikiswa asubuhi na kuingizwa ndani jioni. Ganda huanza kupoteza kijani chake, huwa la rangi ya majani makavu, kisha la kahawia nyepesi, nayo maji huwa mazito na kunata kidogo kwenye kijiko. Wakati wa kaskazi kazi hii humalizika kwa majuma matatu. Wakati wa kusi, mawingu yakiwa mengi, huweza kuchukua majuma matano au sita. Kipimo ni kuchukua kipande na kukibana kwa vidole viwili: kikibonyea bila ukaidi na weupe wa ndani ya ganda ukawa umegeuka kama ute, achari imeiva.

Viungo huongezwa baada ya hapo. Mafuta huchemshwa na kutiwa hardali na uwatu hadi hardali zianze kuruka, hupozwa kabisa, kisha hutiwa manjano na pilipili ya unga kwa kiasi ambacho nyumba inakipenda, na vyote huchanganywa na ndimu. Ikiwa kitunguu saumu kitatumika, ni lazima kilale kwanza ndani ya maji ya ndimu kwa siku moja au zaidi, kwa kuwa saumu mbichi iliyozama katika mafuta matupu haina ukali wa kuilinda, na hapo ndipo hatari ya botulini hurudi kwa mlango wa nyuma. Kifuniko cha bati hushika kutu kikiguswa na chumvi na asidi, kwa hiyo cha plastiki kinafaa zaidi. Kijiko kinachotumbukizwa kiwe kikavu kila mara. Achari iliyotengenezwa hivi hukaa mwaka na zaidi, ila wenye shinikizo la damu wanapaswa kuila kwa kiasi kidogo, kwa sababu chumvi yake ni nyingi.

Maji ya ndimu na malimau yana njia yake, na hapa historia ya mabaharia ina funzo la jikoni. Daktari James Lind wa Uingereza alionyesha mwaka 1747 kwamba machungwa na malimau huponya kiseyeye, na mwaka 1795 jeshi la majini la nchi hiyo likaanza kuwapa mabaharia maji ya malimau. Baadaye malimau yakaachwa na ndimu zikachukua nafasi yake, na katika safari ya kwenda ncha ya kaskazini ya dunia iliyoongozwa na George Nares mwaka 1875 na 1876, kiseyeye kilirudi kwa nguvu ijapokuwa maji ya ndimu yalikuwemo melini. Sababu zilizokuja kueleweka ni kwamba ndimu ina vitamini C pungufu kuliko limau, takriban nusu yake, na kwamba vitamini hiyo huvunjika kwa hewa, mwanga, joto na kukaa muda mrefu, na shaba huharakisha uharibifu huo. Mpishi anayekamua ndimu kwa ajili ya akiba anapaswa basi kutumia chombo cha kioo, cha plastiki ya chakula au cha chuma kisichoshika kutu, kuepuka shaba kabisa, na kuziepuka pia sufuria za kawaida za alumini, ambazo asidi huzila na kuyapa maji ladha ya chuma.

Njia bora ya kuhifadhi maji haya, kwa nyumba yenye friza, ni kuyagandisha ndani ya vyombo vya barafu kisha kuvihamishia vipande kwenye mfuko au kopo lililofungwa. Kipande kimoja hutosha bilauri moja ya sharubati. Umeme ukikatika hadi vipande vikayeyuka vyote, vitumike siku hiyo. Pasipo friza, hutengenezwa sharubati nzito, yaani maji ya ndimu yaliyokolezwa sukari ili yaongezwe maji wakati wa kunywa: lita moja ya maji ya ndimu yaliyochujwa, kilo moja ya sukari iliyoyeyushwa katika nusu lita ya maji, vyote vikipashwa hadi karibu na kuchemka, takriban nyuzi 85, kwa dakika chache, na kumiminwa vikiwa moto ndani ya chupa zilizochemshwa. Lauchlin Rose wa Leith, Uskoti, ndiye aliyepata hataza mwaka 1867 ya kuhifadhi maji ya ndimu kwa sukari badala ya pombe, na kinachofanyika katika jiko la Mkomani ni kanuni hiyo hiyo. Ukamuaji usiwe wa nguvu za kupita kiasi, kwa kuwa weupe wa ganda na mbegu zikipondwa hutoa limonini, kemikali ambayo haisikiki ulimini papo hapo lakini huyafanya maji kuwa machungu baada ya saa kadhaa au yakishapashwa moto. Mengi yanayosemwa kuhusu ndimu mbovu yanatokana na mkono mzito.

Familia zenye ndugu Omani na nchi nyingine za Ghuba zinaifahamu ndimu kavu, ambayo huko hutiwa katika mchuzi wa nyama na wa samaki na hata kunywewa kama chai. Hutengenezwa kwa kuzichemsha ndimu nzima dakika chache katika maji ya chumvi na kuzianika hadi ziwe nyepesi, ngumu na za rangi ya kahawia au nyeusi. Katika pwani hii kazi hiyo inafaa kwa ndimu za Machi, zinazotokana na maua ya vuli, wakati jua la kaskazi halijaondoka. Ndimu za Agosti zikianikwa katika unyevu wa kusi hushika ukungu kabla ya kukauka, na hakuna bidii itakayoziokoa.

Madanzi, yaani machungwa machungu ambayo watoto huyakwepa, ndiyo bora kwa jemu. Maganda hukatwa membamba na kulowekwa usiku kucha pamoja na mbegu zilizofungwa katika kitambaa, kwa sababu mbegu na weupe wa ganda ndimo ilimo pektini, kitu kinachoifanya jemu igande. Maganda yachemshwe hadi yalainike kabisa kabla sukari haijatiwa, maana sukari hukaza ganda lisilolainika na halilainiki tena. Sukari iwe sawa kwa uzito na rojo, na tone likiwekwa juu ya sahani baridi likafanya makunyanzi linaposukumwa kwa kidole, jemu iko tayari.

Matunda yaliyooza mtini au yaliyoanguka hayafai kuachwa chini wala kurundikwa kando ya ukuta. Nzi wa matunda aliyegunduliwa nchini mwaka 2003, mwenye asili ya Asia na anayejulikana kitaalamu kama Bactrocera dorsalis, hutaga mayai ndani ya matunda, na machungwa ni miongoni mwa anayoyapenda. Funza wake hutoka katika tunda lililoanguka, hujizika udongoni na kuibuka akiwa nzi mpya, tayari kuyavamia maembe ya msimu unaofuata. Matunda hayo yazikwe kina cha nusu mita. Jambo la pili la kuangalia wakati wa kuchuma ni chungwa lililopinda upande mmoja, chungu, lenye mbegu zilizosinyaa, juu ya tawi lenye majani ya mabaka ya manjano yasiyolingana pande mbili. Hizo ni dalili za ugonjwa usio na tiba unaoua michungwa, unaoenezwa na vidudu vidogo vinavyofyonza utomvu, na kimojawapo, chenye asili ya Asia na kinachostahimili joto la pwani, kilithibitishwa kuingia Kenya katika muongo wa 2010. Mwenye kuona dalili hizo amwarifu afisa wa kilimo wa wadi, asikate vikonyo vya mti huo kwa kuunganishia miche, na miche mipya aitafute penye uhakika, kwa mfano katika kituo cha utafiti cha KALRO kilichoko Mtwapa, badala ya kununua barabarani mche usiojulikana mama yake.

Kaya itakayopata achari zaidi ya mahitaji yake inaweza kuiuza, na faida yake huwa kubwa kuliko ya ndimu mbichi katika msimu wa wingi, ila bidhaa iliyofungashwa kwa ajili ya maduka inadai kibali cha afya cha kaunti na alama ya ubora ya KEBS, na gharama hizo huwa nyepesi zaidi kwa kikundi kuliko kwa mtu mmoja.

Linabaki suala la mti wenyewe, ambao kwa sehemu unaweza kushawishiwa kuzaa wakati unaotakiwa. Mdimu hutoa maua unapopata maji mengi baada ya kiu, na hiyo ndiyo sababu huchanua mvua zinapoanza. Kwa kuwa ndimu huchukua miezi minne au mitano kukomaa, mti unaotakiwa uwe na ndimu Februari lazima uchanue mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Mara baada ya mavuno ya Agosti, matawi makavu na machipukizi yanayotoka chini ya kiungo, yaani pale mche ulipounganishwa, hukatwa, umwagiliaji husimamishwa kwa majuma matatu au manne hadi majani yaanze kujikunja kidogo wakati wa adhuhuri, kisha hutiwa samadi iliyooza vizuri na maji mengi yanayofika chini ya mizizi. Mvua ikinyesha katikati ya majuma hayo hesabu huvurugika, na njia hii haifai kwa mti wenye umri chini ya miaka minne wala kwa ulio mgonjwa.

Udongo wa Mkomani unahitaji uangalifu wa ziada, kwa kuwa sehemu kubwa yake imelala juu ya mwamba wa matumbawe wenye chokaa, ni nyembamba na hukauka upesi, hivyo majuma matatu ya kiu hapa yanaweza kuwa sawa na matano kwenye ardhi ya kina. Chokaa hiyo pia huyafunga madini ya chuma na zinki yasinyonywe na mizizi, na majani machanga huwa ya manjano huku mishipa ikibaki ya kijani; samadi na matandazo ya majani yanayorudiwa kila msimu husaidia zaidi kuliko mbolea ya chumvichumvi. Maji ya kisima yaonjwe kwanza, maana visima vingi karibu na bahari vimeingiwa na chumvi na jamii ya mdimu haiistahimili: ncha za majani zikiungua, maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani ndiyo yatumike. Maua yakishatoka, umwagiliaji usikatizwe tena hata kwa juma moja, kwa sababu mti unaopata kiu vijitunda vikiwa na ukubwa wa punje ya mtama huvipukutisha vyote kwa siku chache.